Usije Kupiga Magoti

Nyakanazi, 2 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, mimba inaingia mwezi wa saba, na baba mtoto, Marcel, hajambo. Moyo wako unaendeleaje? Shangazi Auleria anasema huinuki tena bila kushikwa mkono. Kwa kuwa simu huisikii, nakuandikia. Elick, kondakta wa basi, atakuletea. Nataka nije tuonane kabla ya lile tunalolijua. Tukae wawili, tunywe rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija mmoja, hata kama mimi nitaonja tu.

Mjukuu na mke wako mdogo,
Keza

Nyakisasa, 7 Juni 2024

Marahaba mke wangu,

Salamu zako zimenikuta kitandani. Daktari anasema moyo huu hauna safari ndefu. Hata hivyo, usije sasa. Nyumba nzima inakohoa. Auleria ndiye aliyeanza, homa kali na mwili kuuma. Zahanati wakasema ni influenza. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, nisikilize: mjamzito huumizwa nayo zaidi ya wengine, mapafu yake yamebanwa, na ikimzidi mtoto anaweza kuja kabla ya wakati. Uliza kliniki kama chanjo yake inapatikana. Mama akichanjwa, hata mtoto hulindwa miezi yake ya kwanza.

Babu yako,
Ildefonce

Nyakanazi, 11 Juni 2024

Shikamoo mume wangu mwoga,

Hatujambo. Mafua tu ndiyo yanakutisha? Hapa mgahawani madereva wa malori wanapiga chafya juu ya wali wangu kila siku, na bado nimesimama. Kliniki nimeuliza, nesi kasema hiyo chanjo hawana, labda nijaribu hospitali kubwa Mwanza. Mwanza na tumbo hili! Nitakunywa tangawizi na malimau. Wewe acha kunifundisha, nifungulie mlango.

Mkeo asiyesikia,
Keza

Nyakisasa, 14 Juni 2024

Keza,

Nimesoma barua yako. Pasaka hukuja kwenye misa ya kumbukumbu ya bibi yako. Nilinyamaza, lakini sikusahau. Asiyemkumbuka bibi yake asije kukaa na mimi.

Ildefonce

Nyakanazi, 18 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Sijui hata nikuulizeje hali. Pasaka nilitapika tangu alfajiri, lakini sitajitetea. Mama mkwe kaniambia, "Mwanangu, huendi kujifungua na hasira ya mzee aliyekulea. Akifa nayo, nani ataiondoa?" Tangu hapo silali. Basi siji tena kukutembelea, nakuja kupiga magoti. Jumamosi napanda basi la asubuhi. Uninyweshe kwa mrija wako mbele ya watu, waone umenisamehe, kisha nirudi.

Mjukuu uliyemkasirikia,
Keza

Nyakisasa, 20 Juni 2024

Mke wangu mdogo,

Leo sikuulizi hali, nguvu ya mkono ni kidogo na Elick anasubiri barabarani. Usipande basi. Nilikudanganya.

Sina hasira nawe, wala sikuwahi kuwa nayo. Pasaka Auleria aliniambia unaumwa, nami nikawaombea wawili, bibi yako na wewe. Ulipoyacheka mafua nikaona heri nikuumize moyo, ukae mbali. Nimesoma vitabu vingi nikasahau watu wangu: kwetu hasira ya mzee haimfukuzi mjukuu, inamwita. Nilidhani nafunga mlango, kumbe naufungua.

Sasa na mimi nimeupata ugonjwa huo, tangu jana homa haishuki. Mrija ambao ungeutumia kutafuta msamaha ndio ungekupa ugonjwa. Leo nimewakatalia wote kuugusa. Jirani yangu Modestus amenuna, anasema, "Mwalimu, mpaka kufa unatufanyia uchoyo!"

Padre nimemwungamia, lakini niliyemdanganya ni wewe. Nisamehe.

Nina ombi gumu zaidi. Nikifa, usije msibani. Watajaa ndani, watakumbatiana, watakohoa. Auleria atawaambia kwamba mimi ndiye niliyekukataza. Nawa mikono kwa sabuni kila mara, kaa mbali na wanaokohoa. Ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme una mimba, usingoje tangawizi.

Nilitamani sana uje. Hilo nalo ni kweli.

Mumeo mzee,
Babu

Nyakanazi, 22 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Elick amenikuta stendi, nimeshakaa kwenye kiti. "Dada, mzee kaniambia nisipokupa mkononi atanilaani." Nikasoma palepale. Dereva akapiga honi: "Mama kijacho, unasafiri au unasoma?" Nikashuka.

Kumbe hasira huna! Basi leo ninayo mimi. Nimelia siku nne kwa uongo wako. Lakini ukweli uliniambia kwanza, nikacheka. Nimekusamehe, Babu. Ukiweza, niandikie hata mstari mmoja.

Mkeo,
Keza

Nyakanazi, 30 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Wamekuzika jana. Marcel alikwenda kwa niaba yangu. Atalala kwa kaka yake siku kadhaa, mpaka tujue hakurudi na homa. Anasema Shangazi alisimama akatoa agizo lako, na bado wanawake walinong'ona kwamba mjukuu gani huyu. Mama mkwe hanisemeshi. Nimekaa ndani peke yangu, dirisha wazi, nimejifunga kanga kichwani, nawasikia majirani wakipita bila kubisha hodi kwa sababu msiba hauko hapa.

Kupiga magoti kungekuwa rahisi zaidi.

Sikuja, Babu.

Mjukuu wako,
Keza