Mahindi Chini ya Kapeti

Jumanne

Mgongo unauma, lakini si mgongo unaoninyima raha. Yule mwalimu wa mtaa wa Amalemba amerudisha gari leo. Wiki jana nilimwoshea viti na makapeti, mvua ya saa tisa ikatukuta, nikamwambia yamekauka.

"Inua kapeti ya nyuma uone," akaniambia.

Nikainua. Punje zilizomwagika alipopeleka mahindi kusagwa zilikuwa zimeota, majani mawilimawili.

"Umenipandia shamba, mzee," akasema akicheka. "Na kupalilia unakujanga siku gani?"

Wenzangu wa kuosha magari wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nikang'oa, nikaosha upya, nikaanika. Nimechoka.

Afadhali angenigombeza. Siku ile ya mvua mkono wangu uligusa maji chini ya kapeti, nikamtazama machoni, nikasema yamekauka. Naye hakugusa. Aliniamini.