Ndege Haifiki Saa Moja

Zeituni,

Ukirudi kutoka kwa shangazi yako Nyalenda, panga viti nje na uchemshe chai ya wageni. Tumempeleka Nyanya msikitini. Tutamzika baada ya swala ya adhuhuri.

Kaka yako Bakari alipiga simu asubuhi kutoka Nairobi. Anataka tumngoje, eti atapanda ndege ya jioni, na safari ya ndege haifiki saa moja. Maneno hayo hayo alimwambia Nyanya kila Idi. Naye kila akisikia ndege ikipita, alikuambia uongeze maji kwenye chai. Nikamjibu Bakari kwamba maiti hacheleweshwi.

~~Akifika usimfungulie.~~ Akifika mpakulie chakula.

Akiuliza mbona hatukumngoja, mwambie Nyanya alimngoja.

Baba yako