Sauti ya Mama Kwenye Seva

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko ughaibuni? Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua. Zile sauti za marehemu mama yako tulizorekodi kwenye kompyuta zimeanza kukwaruza. Kila Jumapili nazinakili upya juu ya nakala ya zamani, nikidhani ndio uangalifu, na zinazidi kuharibika. Ile ambamo anakuita uje kula imekatika katikati. Ninunue mashine gani?

Baba yako

9 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na magoti. Acha kunakili kabisa! Memori ya kompyuta hiyo imechoka, inakosea kimyakimya, na wewe unayaandika makosa yake juu ya kilicho kizima. Nunua seva ndogo, kompyuta ya kuhifadhia, yenye memori inayojirekebisha makosa. Muuzaji akikuambia "inakubali", usiridhike: bodi nyingine za kompyuta zinaipokea memori hiyo, lakini kurekebisha hazirekebishi. Mwambie awashe akuonyeshe kwenye skrini kwamba inarekebisha. Mimi nina nakala nzima, naituma kwa diski.

Binti yako

2 Machi

Marahaba mwanangu,

U mzima? Wauzaji wawili waliniapia, nilipowaambia wawashe wakaanza kukuna vichwa. Wa tatu akawasha bila maneno, nikanunua. Diski imefika, sauti zote safi. Mama yako alipokuita, niligeuka kutazama mlango kama mjinga.

Na wewe je? Unalala vizuri? Unakula na nani?

Baba yako

20 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nilipouliza ya mashine ulijibu upesi. Nilipouliza yako, kimya. Basi leo nimekaa nikitafuta kasoro ya kukuuliza. Nimepekua skrini yote, hakuna kosa hata moja. Seva uliyonichagulia ni nzuri mno, sasa sina cha kukuandikia. Nyumba hii ina upweke, mwanangu.

Baba yako

28 Juni

Shikamoo Baba,

Maswali ya mashine ndiyo kazi yangu, nayajibu hata nikiwa nasinzia. Yale yako mawili niliyaweka mezani, kila nikishika kalamu naishiwa maneno. Silali vizuri, Baba. Nakula peke yangu, nimesimama, jikoni.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nitakapobisha hodi usije kufungua kwanza, utayaumiza magoti. Washa ile sauti ya Mama. Safari hii akiita, nitaitika.

Binti yako