Sifuri Iliyounguza Miche Yetu

Kwa Mama Chebet, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku Doha kwenye joto. Kifua cha Chebet kimepoa? Na mama, magoti yanamruhusu kufika kanisani? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo sina. Umeacha kushika simu zangu, ndiyo maana naandika. Langat, kijana wa Chebunyo ninayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo, atakuletea barua hii mkononi.

Mara ya mwisho uliniuliza, "Baba Chebet, hiyo mashine yako ilikuwa inasema tu sifuri. Si ulisema italia? Mbona haikulia?" Kwa aibu nikageuza maneno, ukakata simu. Sasa nakujibu.

Kile kipimo cha baridi nilichokutumia ukifunge kwenye nguzo ya kitalu cha miche ya chai ni kidogo, hakijui desimali, yaani zile nukta. Nilipokiandikia maagizo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu digrii nzima tu: tano, mbili, sifuri. Ya pili ni kuigawa kila digrii vipande kumi na kuhesabu vile vipande, nukta ikikaa mahali pamoja bila kuhama, yaani hamsini na tano iwe tano na nusu. Nikachukua ya kwanza kwa uvivu. Nilijiambia chai haijali nukta. Kumbe alfajiri ile miche ilipoungua kwa baridi, joto lilishuka nusu digrii chini ya sifuri, kipimo kikaikata ile nusu, kikabaki na sifuri. Nami nilikuwa nimekiagiza kilie chini ya sifuri tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa kazini naviandikia maagizo vipimo vya friji za samaki, na sijawahi kuacha nukta hata moja. Samaki wa watu wasionijua nimewalinda. Wewe zamani ulikuwa unatoka alfajiri kushika nyasi kwa mkono, ukisikia umande umeganda, wewe unakifunika kitalu. Ni mimi niliyekwambia ulale, mashine itaamka.

Ile miche ndiyo ingenirudisha nyumbani, tuchume chai yetu wenyewe. Sasa nimetia sahihi mkataba mwingine. Sioni njia, mke wangu, na sitakudanganya kwamba naiona.

Maagizo nimeyarekebisha, yanahesabu vipande. Yananisaidia nini sasa?

Msalimie mama. Mshukuru jirani yetu aliyekusaidia kung'oa miche iliyokufa. Chebet mwambie babake anamuulizia kila siku.

Zamani kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, nilikuwa nafungua simu, ambako kile kipimo kilinitumia namba zake, nione baridi ya kwetu imefika wapi, nijue unaamkia hali gani. Tangu ukitoe kwenye nguzo alfajiri ileile, simu imebaki na sifuri ile ya mwisho, asubuhi na jioni. Bado naitazama.

Ni mimi mumeo,
Baba Chebet