Maboga Juu ya Bati

3 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa hizi picha za setilaiti.

Nina ombi. Yale maboga mliyoyapandisha juu ya mapaa, wewe na jirani, yakateni wiki hii. Sababu siwezi kuiandika.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu, marahaba. Mgongo ni uleule, ila nakula vizuri.

Maboga siyakati. Bati lilikuwa linatuoka humu ndani. Tangu yatande, nalala mchana kama mtoto mchanga. Wewe umekaa chini ya feni, unaniamrisha bila sababu.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo baba. Pole na mgongo. Nikifukuzwa kwa barua hii, nitakuja kulala chini ya hayo maboga.

Jeshi linatafuta eneo la mazoezi ya mizinga. Kazi yetu ni kusoma picha na kusema wapi kuna watu. Bonde letu limeandikwa "pori tupu". Nilimwambia bosi nimezaliwa pale. Akajibu: "Andika unachokiona, si unachokijua." Nikatazama tena. Nyumba sikuiona, niliona majani ya maboga tu.

Picha nyingine inapigwa mwisho wa mwezi.

Binti yako

22 Machi

Marahaba mwanangu. Nimepanda ngazi na mgongo huuhuu. Jirani naye amekata ya kwake, akinilaani. Majani tumeyatandaza kwenye njia ya kisimani, yazuie matope.

Joto limerudi. Bati linang'aa, bosi wako akishindwa kuliona basi ana lake jambo.

Baba yako

6 Aprili

Shikamoo baba. Pole na joto.

Mabati yameonekana, na bado tumekwama. Bosi ameandika "majengo yaliyoachwa". Penye watu, njia iliyokanyagwa huonekana toka juu kama uzi mweupe. Yetu mmeifunika kwa majani. Nimebishana naye mpaka akatoka chumbani.

Imebaki picha moja, wiki ijayo. Tafadhali, njia.

Binti yako

11 Aprili

Marahaba. Habari za mgongo usiniulize.

Majani tumeyaondoa, tukakuta nyasi zimeota. Kwa hiyo tangu asubuhi naenda kisimani na kurudi, ndoo tupu mkononi. Jirani akauliza nimeangusha nini. Nikamwambia, "Bosi wa binti yangu anataka kuona kama naishi."

Akanitazama, halafu akaingia ndani kuvaa viatu.

Baba yako