Ngozi Neema Aliyotengeneza

Kibabi, siku ya ine

Neema wangu ametengeneza ngozi! Ngozi ya muntu, yenye uhai, kule université. Wanapika ngozi ya ngombe mpaka inagandama kama supu ya miguu iliyolala, wanachanganya na chembe hai za muntu, mashini inaipanga kidogo kidogo. Binti yangu mimi, muuza maziwa!

Nimechoka. Kutangaza njo kumenichosha: kanisani, sokoni, hata kwa wachungaji wa ngombe.

Sokoni Mama Riziki, jirani yangu, akanishika mukono. Mutoto wake aliungua na maziwa ya moto, shingo ikajikaza, hageuzi kichwa. “Mama Neema, ya mutoto wangu ataileta lini?”

Nikajibu, “Si anakuja kutusalimia? Atakuja nayo.”

Jioni nikamupigia Neema. “Maman! Iko kipande kidogo kama ukucha. Hatujaiweka ku muntu hata mumoja. Umemuambia nini?”

Nikasema réseau iko mubaya, nikakata.

Mama Riziki ameisha kumushonea mutoto robe yenye shingo wazi. Kesho nitamuambia. Ao kesho kutwa... Hapana, kesho. Siku ya yenga, nyuma ya misa, Neema atakuwa hapa, na wote watakuja, mutoto mbele.