Nilishukia Nyololo

Shangazi Faustina,

Shikamoo. Mpunga umeshavunwa huko Ubaruku? Hapa Iringa ni baridi tu.

Nina hasira, shangazi. Jumamosi vijana wa usharika tulisafiri kwenda Mbeya, dereva ananuka pombe. Nilimwomba mwenyekiti wetu, Vitus, amsimamishe. Akasema, "Happy, acha woga, tuombe."

"Nimeshaomba," nikamjibu, "ndiyo maana nasema."

Nilisimama mlangoni mpaka dereva akasimamisha basi Nyololo, nikashuka peke yangu. Mbele kidogo basi likaingia mtaroni, rafiki yangu Verediana akavunjika mguu. Jana kanisani Vitus ametoa ushuhuda kwamba imani iliwaokoa, na kwamba mimi niliikimbia.

Posa yake uliyoipokea, naomba uirudishe kwao.

Mwanao,
Happy